Redio ya magitaa irudi hewani, lakini kazi ianzie mlimani

Kwa Mwenyekiti na wajumbe wa bodi,
na kwa Mkurugenzi Mtendaji.

YAH: KURUDISHA HEWANI REDIO YA MAGITAA, MBEYA

Waheshimiwa, salaam.

Habari kwamba mnataka kuifufua redio imetufikia, na tumeipokea kwa furaha kubwa. Kuanzia Uyole, Mwanjelwa na Sokomatola hadi Mbalizi, bado wapo watu wanaoikumbuka redio iliyokuwa ikipiga gitaa tangu alfajiri: roki ya ng'ambo, roki ya Zambia, dansi la zamani, rege. Tunaoandika barua hii ni mafundi mitambo, watunza maktaba ya muziki na watangazaji. Tunaandika sasa, kabla fedha hazijatoka, kwa sababu zikishatoka kwenye jambo lisilo sahihi hazitarudi.

Redio hii haikukimbiwa kwa sababu ya muziki wake. Kwanza ilianza kukwaruza, baadaye ikaanza kujirudia. Mikwaruzo ilitoka mlimani, kwenye antena na mitambo ya kurushia, na kujirudia kulitoka kwenye kompyuta ya studio. Yote mawili yanatengenezeka kwa fedha ndogo kuliko transmita mpya (mtambo wa kurusha matangazo) na tamasha la uzinduzi. Msipoyatengeneza, transmita mpya itayarusha matatizo yaleyale kwa nguvu zaidi.

Tunasikia kwamba kitu cha kwanza kwenye orodha ya manunuzi ni transmita ya kilowati 2, ichukue nafasi ya ile ya kilowati 1. Tunawaomba mkisimamishe kipengele hicho. Kuongeza nguvu mara mbili kunaongeza desibeli (kipimo cha nguvu ya mawimbi) 3 tu, na msikilizaji wa Mbalizi anayesikia mikwaruzo kwenye simu yake leo ataendelea kuisikia. Ili mawimbi yafike umbali mara mbili yakiwa na ubora uleule, hata pakiwa wazi kabisa, nguvu inatakiwa mara nne. Na nguvu mliyonayo tayari inapotea njiani. Kebo nyembamba ya RG-213 yenye urefu wa mita 40, inayotumika kwenye vituo vingi kwa kuwa ni bei nafuu, inakula karibu nusu ya nguvu kabla haijafika kwenye antena. Kebo nene ya inchi 7/8 kwa urefu huohuo inakula kama sehemu moja ya kumi. Maana yake, kwa transmita ileile ya wati 1,000, antena inapata karibu wati 900 badala ya 550, na bili ya umeme haipandi hata yuniti moja.

Urefu wa antena nao una thamani kuliko nguvu. Hesabu yake ni nyepesi: chukua urefu wa antena kutoka usawa wa bonde kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12, na jibu ni kilomita ambazo mawimbi ya FM yanaweza kuona hadi usawa wa ardhi. Mnara wa mita 40 uliosimama mjini unaona kama kilomita 26, na kwa vilima vyetu hata hizo hazitimii. Kilele cha Loleza kiko mita 2,656 juu ya usawa wa bahari, na mji uko kwenye mita 1,700 hivi. Tofauti hiyo ya mita 950 inatoa upeo unaozidi kilomita 120 pale ambapo hakuna mlima mwingine mbele. Kwa hiyo yeyote atakayewashauri kuhamishia antena juu ya paa la ofisi mjini ili kuokoa nauli ya kwenda mlimani, msimkubalie.

Hata hivyo mlima mmoja hauoni kila mahali. Tukuyu iko nyuma ya safu ya Poroto na Mlima Rungwe, na Kyela iko chini zaidi, kwenye joto la ufukwe wa Ziwa Nyasa. Kule hata kilowati 10 kutoka Mbeya hazitawafikia vizuri. Wanahitaji kituo kidogo cha kurushia cha peke yao, chenye masafa yake. Hilo liwe awamu ya pili, wala msiwaahidi watu wa kule sasa hivi.

Sasa twende kwenye kibanda cha mitambo. Kabla ya kununua chochote, fundi azime transmita, afungue kebo ya antena, na mahali pake afunge mzigo bandia wa ohm 50, yaani kifaa kinachopokea nguvu badala ya antena, unaohimili nguvu yote. Kisha awashe. Transmita ikitoa wati zake kamili na zinazorudi nyuma kwenye kebo zikawa karibu sifuri, basi ni nzima na ugonjwa uko juu. Kebo ikirudishwa, asome tena wati zinazorudi. Zikirudi wati 40 kati ya 1,000, hapo ndipo mpaka wa kuvumilia. Zikizidi, transmita hujipunguzia nguvu yenyewe ili isiungue, na msikilizaji huona redio "imefifia" bila kujua sababu. Vituo vingi hukaa kwenye hali hiyo miaka, transmita ya kilowati 1 ikirusha wati 300, na kila mtu akilaumu umri wake.

Mara nyingi mkosaji ni konekta moja, yaani kiungo cha kebo. Ukiifungua, unakuta pini ya katikati iliyokuwa inang'aa imekuwa na unga wa kijani, utepe mweusi umepasuka kwa jua, na ukiinamisha kebo linadondoka tone la maji. Maji hayo hayakuingia siku moja. Utepe ulizungushwa kuanzia juu kwenda chini, kwa hiyo kila tabaka likawa mdomo wa kupokea mvua. Utepe huzungushwa kuanzia chini kwenda juu, tabaka la juu likilala juu ya la chini kama mabati ya paa. Ndani unatangulia ule wa mpira unaojigundisha wenyewe, nje unafuata ule wa plastiki wa kuzuia jua. Na kebo kabla ya kuingia kibandani ipindwe chini ifanye tumbo, maji yadondokee hapo, yasifuate kebo hadi ndani.

Kuna kasoro moja inayowapoteza hata mafundi wazoefu. Antena yenye vipande vinne, kimoja juu ya kingine, inagawiwa nguvu na kebo fupi fupi. Moja ikiingia maji au ikibadilishwa kwa urefu usio sawa, kipimo cha wati zinazorudi kinaweza kubaki kizuri tu, lakini mawimbi yanainama kuelekea angani au yanapiga mteremko wa mlima. Dalili yake ni kwamba maeneo ya mbali yanasikia vibaya ilhali chumba cha mitambo hakina lawama. Dawa ni kuzunguka na gari na kipimo: Uyole, Inyala, Mbalizi, Vwawa, kuandika nguvu ya mawimbi kila kituo, na kulinganisha baada ya kila tengenezo. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani kibandani.

Na yeyote anayepanda mnarani apande transmita ikiwa imezimwa na ufunguo wa swichi uko mfukoni mwake yeye. Antena ikiwa na nguvu huunguza nyama ya mkono bila moto kuonekana. Hili haliombewi ruhusa wala haliharakishwi kwa sababu ya tangazo la mteja.

Juu ya radi, tatizo letu ni mwamba. Kule kileleni fimbo moja ya shaba iliyopigiliwa chini haifiki mbali, na ohm (ukinzani wa ardhi) zinabaki juu. Wengi hutia mkaa na chumvi. Kipimo kinashuka wiki ya kwanza, kisha mvua inaiosha chumvi na shaba inaliwa. Chimbeni mitaro mitatu au minne ya kina cha sentimita 50, kila mmoja mita 15 hadi 20 kutoka kwenye mnara, mlaze utepe wa shaba, mfukie kwa udongo wa bentonaiti. Lengo ni chini ya ohm 10. Muhimu kuliko namba hiyo: erthi (nyaya za kupeleka umeme ardhini) ya mnara, ya kibanda na ya umeme ziungwe zote pamoja. Zikiwa mbali mbali, radi ikipiga mnara, tofauti ya volti kati ya erthi mbili inatafuta njia, na njia ya karibu ni katikati ya transmita yenu. Hapo ndipo moduli (vipande vya kukuza nguvu) zinapoungua na watu wakasema radi haina kinga.

Umeme wenyewe hushuka jioni, watu wakipika na kuwasha taa. Stabilaiza ya kVA 5 yenye uwezo wa kupokea kuanzia volti 140 ni lazima. Transmita ya kilowati 1 hula kama kilowati 1.5, yaani yuniti 36 kwa siku nzima, bila kuhesabu feni na linki (redio inayoleta sauti kutoka studio). Betri za lithiamu za volti 48 na ampea-saa 200 zinaibeba kama saa 5, na hilo linatosha kwa sehemu kubwa ya makatizo ya kawaida. Jenereta ibaki kwa makatizo marefu, lakini msinunue kwa namba ya kwenye karatasi. Hewa ya mlimani ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, hivyo kwenye mita 2,600 jenereta ya kVA 5 haifiki 4. Hewa hiyo hiyo nyepesi inapooza mitambo vibaya kuliko watu wanavyodhani, ingawa nje kuna baridi ya kipupwe. Vichujio vya feni visafishwe kila wiki wakati wa vumbi la Septemba na Oktoba.

Kuna jambo la linki, na hapa tunaomba msome taratibu. Sauti hutoka studio kwenda mlimani kwa visahani viwili vya gigahezi 5.8. Kuona sahani ya pili kwa macho hakutoshi. Kwa umbali wa kilomita 8, katikati ya safari, mawimbi yanahitaji nafasi wazi ya mita 10 kuzunguka mstari wa macho. Mikaratusi iliyopandwa kwenye miteremko yetu kwa ajili ya nguzo na kuni hukua haraka sana. Shamba lililokuwa la miche wakati linki inafungwa, leo vilele vyake vimeingia kwenye nafasi hiyo. Dalili zake zinafahamika: sauti inakatikakatika upepo ukivuma, inatulia usiku, na inakuwa mbaya zaidi majani yakilowa mvua. Watu wakanunua redio za linki mpya mara mbili, mti ukiwa palepale. Panda na darubini siku ya jua, angalia mstari wote. Ama inueni sahani ya studio kwa mita 6, ama kaeni na mwenye shamba mumlipe miti michache inayohusika kwa bei ya nguzo. Msikate mti wa mtu, na kama ni ndani ya msitu wa hifadhi, anzeni kwa wenye mamlaka ya msitu.

Linki hiyo ina nafasi ya kutosha kubeba muziki mzima bila kuubana: stereo ya ubora wa CD inahitaji megabiti 1.4 tu kwa sekunde. Hatuoni sababu ya kuibana hadi kilobiti 128, kama ilivyokuwa.

Na hilo linatufikisha kwenye maktaba, ambako ndiko redio ilikokufa kwa pili.

Fanyeni hesabu hii. Saa moja ya muziki ina nyimbo kama 13. Kompyuta iliyojazwa nyimbo 150 inamaliza zote kwa saa 11 na nusu, kisha inaanza upya. Dereva wa bajaji anayefungua redio saa 12 asubuhi anausikia wimbo uleule kabla jua halijazama, na kesho hivyo hivyo. Kwa saa 18 za matangazo mnahitaji nyimbo 234 kwa siku. Maktaba ya nyimbo 2,000 inafanya wimbo urudi baada ya siku 8 hivi. Chini ya hapo msikilizaji anachoka, hata kama kila wimbo ni mzuri.

Nyimbo 2,000 za magitaa zipo, na nyingi ziko jirani. Reli ya TAZARA inapita hapa Mbeya ikienda Kapiri Mposhi, na ng'ambo ya Tunduma ndiko ilikozaliwa Zamrock, roki ya Zambia, miaka ya 1970: WITCH chini ya Emmanuel Jagari Chanda, Amanaz, Ngozi Family ya Paul Ngozi. Gitaa lao la fazi (sauti iliyokwaruzwa makusudi) linanguruma, ngoma zao ni za nyumbani. Dar es Salaam walikuwepo Sunburst, na Afro 70 ya Patrick Balisidya iliyochanganya gitaa la kisasa na mapigo ya Dodoma. Botswana leo kuna Wrust na Overthrust, wanaopiga metali, mashabiki wao wakivaa ngozi nyeusi na kofia za pama. Afrika Kusini kuna BLK JKS. Redio inayoanza na hawa, kisha ikaweka roki ya Uingereza na Marekani pembeni yao, inakuwa redio ya Nyanda za Juu Kusini. Ikiweka ya nje peke yake, msikilizaji ataipata kwenye simu yake bila ninyi.

Nyimbo hizo zisichukuliwe kwenye video za mtandaoni na kugeuzwa MP3. Gitaa la fazi limejaa masafa ya juu yaliyosongamana, na ndilo linaloharibika kwanza faili likibanwa. Badala ya ngurumo unapata sauti ya mchanga ukimwagwa kwenye bati. Nunueni CD au mafaili yasiyobanwa. Wimbo wa dakika 4 kwa WAV ni kama megabaiti 40, nyimbo 3,000 ni gigabaiti 120. Diski ya namna hiyo si ghali. Wekeni tatu: mbili studio, moja nje ya jengo.

Kaseti za zamani zilizobaki kwenye makabati zina rekodi za bendi za hapa ambazo hazipo mahali pengine popote. Hizo ndizo mali yenu kubwa kuliko mnara. Ukiishika moja, angalia kwanza kile kisponji kidogo nyuma ya utepe. Gundi yake huachia, kisponji kikadondoka, na kaseti nzima ikasikika imeziba ingawa utepe ni mzima. Kinahamishwa kutoka kwenye kaseti tupu, kazi ya dakika 5. Utepe wenye ukungu mweupe usiwekwe kwenye mashine, maana utachafua kaseti zote zinazofuata. Upanguswe kwanza ukizungushwa polepole kwa mkono. Kila kaseti izungushwe hadi mwisho na kurudishwa kabla ya kurekodiwa, kichwa cha mashine kisafishwe kwa spiriti kila baada ya kaseti 5, na pembe ya kichwa irekebishwe kwa bisibisi hadi masafa ya juu yasikike. Kaseti 400 za saa moja, kwa mashine mbili na saa 8 za kazi kwa siku, ni siku 25. Mtu mmoja makini anazimaliza.

Baada ya hapo inakuja mashine ya kuchakata sauti. FM yetu hunyanyua masafa ya juu kabla ya kurusha, na kwenye kilohezi 15 kunyanyua huko kunafika karibu desibeli 14. Matoazi ya dramu na gitaa kali hugonga dari, mashine ikijilinda inaushusha wimbo mzima, na mwimbaji anazama kila toazi linapopigwa. Waliokuwa wakiirekebisha waliilinganisha na redio zinazopiga muziki wa kompyuta, wakaikaza zaidi. Kwa muziki wa magitaa inalegezwa. Anzeni na mpangilio mpole kabisa, sikilizeni kwenye redio ya bei ya chini na kwenye spika ya bajaji, pandisheni kidogo kidogo. Upotofu wa masafa, yaani kiasi yanavyoyumba kwa sauti, usivuke kilohezi 75.

Studio haihitaji mengi. Maikrofoni tatu za dinamiki, miksa ya njia 12, magodoro ya sponji nzito ukutani na pazia zito dirishani. Trei za mayai hazizuii sauti, zioneeni huruma mziache sokoni. Mkitaka bendi ipige moja kwa moja, maikrofoni tatu kwenye dramu zinatosha: moja ya ngoma kubwa ya mguu, moja ya sneya, moja juu. Makanisa ya Mbeya yana wapiga gitaa, besi na dramu wanaojua kazi. Kila Jumamosi mnaweza kuwa na kundi jipya.

Magari mengi ya hapa yametoka Japani, na redio zake nyingi zinaanzia megahezi 76 na kuishia 90. Aliye kwenye gari hilo hawapati mkiwa juu ya 90 bila kifaa cha kugeuza masafa, na akiwa nacho namba anayoiona siyo yenu. Mkipangiwa masafa upya, ombeni ya chini ya 90 kama yapo. Yakikosekana, watangazaji waeleze hewani namna ya kuwapata.

Kwa upande wa sheria tunapita haraka, kwa kuwa mnazo njia zenu: TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wana ofisi ya kanda hapa Mbeya, waulizeni hali ya leseni na masafa kabla ya kugusa mnara, pamoja na masharti ya kurusha mtandaoni. Chombo kinachokusanya mirabaha ya muziki kipewe orodha ya nyimbo zilizopigwa, yenye jina la wimbo, msanii, dakika na saa. Programu huru ya kuendeshea redio, Rivendell, inaitoa orodha hiyo yenyewe. Na kama mtapanga mnara mmoja na redio nyingine, fungeni kichujio. Masafa ya 107 na 98 yakichanganyika huzaa 116 (mara mbili ya 107, ukitoa 98), ambayo ni ya vifaa vya kuongozea ndege, na Songwe kuna uwanja wa ndege.

Tunaomba basi mambo matatu. Fedha ya transmita mpya ielekezwe kwanza kwenye kebo, konekta, erthi na betri. Uzinduzi usitangaziwe tarehe hadi karatasi ya vipimo vya Uyole hadi Vwawa iwe mezani kwenu. Na mtupatie kikao kimoja pamoja na ufunguo wa kibanda. Mvua zetu huanza Novemba, na mvua ikishaanza hakuna anayeruhusiwa kupanda mnarani. Tukiupata ufunguo kabla Septemba haijaisha, kazi yote ya juu itakuwa imekamilika mawingu yakifika.

Wenu,
Mafundi mitambo, watunza maktaba na watangazaji,
Mbeya.